Jina la Mreno Nimemrudishia Mwenyewe

Baba,

Nimemrudishia. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungerukia mstari wa mwisho kutafuta matokeo kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya na kurasa za michezo. Matokeo ndiyo hayo: jina la Mreno nimemrudishia mwenyewe, uso kwa uso, Mama akiwa shahidi, na amelipokea. Hakukasirika hata kidogo. Sasa kaa vizuri usome taratibu.

Ni mwaka na miezi tangu tukuzike Columbus. Ile nyumba ya Reynoldsburg tumeiacha. Mama aliivumilia majira mawili, halafu akasema kila akifungua kabati la viatu anaona pengo la viatu vyako, hawezi tena. Tukaja Buffalo kwa mdogo wake. Mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yuko kiwandani, anapanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi, na ana leseni ya kuendesha gari. Ndiyo, Mama yule yule aliyekuwa akifumba macho ulipokuwa ukiingia barabara kuu. Sasa yeye ndiye anayeingia, na mimi ndiye ninayefumba.

Nina jambo la kuungama, Baba, na nitalisema lilivyo. Ila haliwezi kusemeka bila ile Jumapili, ingawa uliisimulia mara nyingi hata watu wa kanisani walikuwa wanaanza kutafuta makoti yao ukikohoa tu.

Mama alikuwa kwenye zahanati ya kambi, kule Tanzania, na uchungu tangu asubuhi. Wewe ulikuwa nje, umechuchumaa ukutani pamoja na wanaume watano, redio katikati yenu. Betri ulikuwa umezianika juani siku mbili zipate nguvu za kumalizia. Redio ya Kifaransa ilikuwa inarukaruka kutoka uwanja huu hadi ule, na wewe ulikuwa unamngoja mtu mmoja tu: mshambuliaji mgeni kutoka Ureno, miaka ishirini na miwili, Tavarela. Mtangazaji alikuwa amesema kwamba kabla ya mpira kijana huyo alikuwa akibandika vigae pamoja na baba yake. Wewe fundi mwashi wa Uvira, uliposikia vigae, basi, ukampenda. Halafu mtangazaji akapaza sauti, "Tavarela! Tavarela! Tava—" na betri zikafa. Hapo hapo mimi nikalia ndani.

Goli na mtoto, dakika moja. Ndivyo ulivyosema maisha yako yote. Kesho yake mtu akakuambia kwamba mechi ile iliisha kwa sare ya moja kwa moja, nawe hukuuliza nani kafunga. Ungeuliza nini, na ulisikia kwa masikio yako? Mama alitaka niitwe Neema, wewe ukashikilia Tavarela, na karani wa kambi, ambaye alikuwa na foleni ndefu, akaandika yote mawili.

Tangu hapo nikawa na majina wangu. Kwetu mtu unayechangia naye jina tunamwita majina, na si mtu wa mbali. Unamwamkia, anakuletea zawadi, akiugua unakwenda kumwona. Shida yako ilikuwa kwamba wa kwangu hakuwa na habari. Jina lililochukuliwa bila mwenyewe kujua, ulisema, ni kama nguo iliyoanuliwa kwenye kamba ya jirani: unaivaa, lakini hukai kwa amani. Kwa hiyo siku moja ungempelekea jogoo, umwombe ruhusa, mambo yaishe.

Siku moja! Mtu mwenyewe hakutulia. Ufaransa walimwacha msimu ule ule ulipoisha. Akarudi Ureno, akaenda kwa Wagiriki, kule akavunjika mguu na wewe ukafunga siku nzima bila kula. Akaenda Kupro, ambayo mimi nilidhani ni dawa ya meno. Akaenda Romania, akaenda Uajemi. Kila mara ulikuja na habari hiyo jikoni, furaha tupu: "Tava, majina yako amehama tena. Huyu mutu iko na miguu ya baraka." Alipokwenda Angola ukasema amekaribia sasa, ungeweza kumpelekea jogoo kwa miguu. Alikaa Angola miezi minane. Jogoo ulikuwa umeshamchagua, maskini, na tulimla Krismasi.

Sikuwahi kukuambia kwamba mimi sikuona baraka. Niliona mtu ambaye hakuna anayetaka kubaki naye. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipofika Louisville, na nilikuwa nimechoka kuhama, nami nilibeba jina la bingwa wa kuhama. Shuleni waliliona jina wakaniweka meza moja na watoto wa Honduras. Wiki mbili mwalimu alinizungumzia Kihispania kwa upole mwingi, nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kwa sababu nilidhani ndicho Kiingereza.

Na hapo Louisville, nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo nilipojua. Kulikuwa na kompyuta kwenye maktaba ya shule. Nilitaka kukuchapia karatasi ya ile mechi kama zawadi, uibandike ukutani. Niliitafuta siku tatu, nikaipata. Dakika ya sabini na moja: goli la Tavarela limekataliwa, ameotea. Dakika ya themanini na nne: sare, na aliyesawazisha ni beki mmoja ambaye jina lake sitaki hata kulikumbuka.

Goli halikuwepo, Baba. Betri zilikufa kabla mshika kibendera hajainua mkono.

Sikuchapa chochote. Nilirudi nyumbani, nikakuta umerudi kutoka kazini ghalani, miguu yako ndani ya beseni la maji ya chumvi, ukaniuliza shule imesemaje. Nikasema haijasema kitu. Nilikuwa na hasira na wewe, na nilijua huna kosa, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Nikaificha. Ulipokuwa ukiisimulia ile Jumapili nilikuwa naenda kuosha vyombo, hata vilivyokuwa safi.

Kisha ukasikia kwamba amesajiliwa Columbus, timu ya mpira wa ndani ya ukumbi. Watu wa kanisani mpaka leo wanaamini tulihamia Ohio kwa sababu ya mshahara wa ghala jipya. Sisi watatu tulijua. Tulifika Reynoldsburg Jumamosi, Jumatatu ukaenda ukumbini na shati la kanisa, wakakuambia ameondoka wiki tatu zilizopita. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la sahani. Wewe pia ulicheka, lakini baadaye nilikuona kibarazani umetulia sana, na nadhani ndiyo siku ya kwanza ulipowaza kwamba huenda usimpate. Moyo wako ulikuwa umeshaanza kukusumbua, hukutuambia.

Sasa lile jambo lenyewe. Mchana ule hospitalini, maji yalipokuwa yamejaa mapafuni na ulikuwa unapumua kwa kupanga, ulinishika mkono ukasema, "Tava, kwa simu yako kuko kila kitu. Unisomee ile siku." Nilikuwa nimekukwepa miaka minne na sasa hapakuwa na vyombo vya kuosha. Nikafungua simu. Ule ukurasa niliupata upesi, nilikuwa naijua njia yake. Nikautazama. Nikasoma: "Dakika ya sabini na moja, goli, Tavarela, kwa kichwa."

Ukafumba macho ukasema, "Kwa kichwa. Nilijua."

Siku ya tatu ulikufa. Watu waliona nalia wakasema huyu mtoto alimpenda baba yake, na ni kweli, lakini nililia pia kwa sababu neno la mwisho la maana nililokuambia lilikuwa uongo, na niliusoma kwa sauti ya mtu anayesoma. Umeshajua. Nimelisema.

Baada ya hapo jina likanishinda. Kila nilipoliandika kwenye fomu niliona ile sentensi. Fomu ya uraia ilipokuja, Baba, ina swali: unataka kubadilisha jina lako? Wanakuuliza hivi hivi, kama wanakuuliza chai au kahawa. Nikaweka alama ya ndiyo. Niliandika Neema, na nafasi ya pili nikaiacha wazi kwa sababu sikujua nitie nini. Nilijua tu ninachotoa.

Mama aliiona mezani. Nilitegemea kelele. Akakaa, akavua kilemba, akasema: "Unataka kuacha jina? Bon, acha. Lakini jina haiko mufuko ya plastiki, ya kutupa tu hivi. Unairudisha kwa mwenyewe, na kitu mu mukono. Baba yako alikufa bila kuenda. Donc, basi, tutaenda sisi." Nikamwambia Mama, mtu huyu amezunguka dunia nzima, nitampata wapi? Akasema nitumie hiyo simu ambayo siiweki chini hata wakati wa kula.

Nilimpata kwa dakika kumi. Ulimtafuta miaka kumi na minane, samahani kukuambia. Magoti yalikwisha, akaacha kucheza, akaoa mwanamke wa huku, na sasa anafundisha watoto mpira kwenye ukumbi mmoja wa Cheektowaga, nyuma ya uwanja wa ndege. Kutoka kwetu ni dakika ishirini kwa gari, ishirini na tano Mama akiendesha.

Jogoo tulimnunua soko la kuku hai. Mwekundu, shingo ndefu, ungemkubali. Tulimweka kwenye boksi la ndizi kiti cha nyuma, nami nikakaa naye kwa sababu Mama alisema akiruka yeye ataachia usukani. Ilikuwa Machi, theluji imekuwa nyeusi kando ya barabara, na kila ndege ilipopita juu yetu jogoo aliwika, na Mama alisema, "Yesu," kila mara. Mapokezini binti mmoja akatuambia wanyama hawaruhusiwi. Mama akampita. Aliketi na boksi magotini, nadhifu kabisa, kitenge kile cha harusi ya binamu, kama mtu anayengoja daktari.

Akatoka yeye. Baba, ni mfupi! Ni mfupi kuliko wewe. Hana nywele, ana filimbi shingoni, anatembea kama anayekanyaga mawe ya moto. Mama akamsalimia kwa Kifaransa na uso wake ukafunguka, hajakisahau. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa Kiingereza, mazuri, yamepangwa, na yote yakanitoka kichwani. Nikamwonyesha kitambulisho changu tu. Akakisoma. Akakisoma tena. Akasema hilo jina ni la kwao, na nje ya kijiji chao hajawahi kumwona mtu nalo, na nilitoka wapi?

Mama akamweleza. Zahanati, redio, betri. Alipofika kwenye goli nikamkatiza, kwa sababu sikutaka uongo uingie tena na safari hii ukiwa mikononi mwa Mama ambaye hakuujua. Nikasema, halikuwa goli, najua, nimesoma. Mama akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nikaendelea, nikasema yote, hospitali, simu, nilivyosoma, yote mbele ya mgeni na jogoo.

Mreno akauliza polepole, "Dakika ya sabini na moja?"

Nikasema ndiyo.

"Ulimsomea kwamba nilifungaje?"

Nikasema, kwa kichwa. Nikasema nilibuni, pale hapakuandikwa, nilitaka tu lisikike kama goli.

Akakaa kwenye benchi. Akasema, "Lilikuwa kwa kichwa."

Baba, lilikuwa kwa kichwa! Krosi kutoka kushoto, akaruka, mpira ukaingia kabisa, ukagusa wavu. Anaapa kwamba hakuotea, kisigino cha beki kilikuwa karibu na goli kuliko yeye, na amelisema hilo katika nchi nane wala hakuna aliyemsikiliza. Goli lile lingekubaliwa, alisema, huenda wangempa mkataba mwingine, huenda angekaa. Alikuwa amepata nyumba yenye kibustani. Badala yake wakamwacha, na kuanzia hapo ni sanduku mpaka sanduku. Kisha akajisugua goti, na watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma ya kioo wakimwita kocha. Akasema, akimwambia Mama zaidi kuliko mimi, "Kwa hiyo kuna nyumba moja ambako liliingia. Miaka yote hii, kuna mtu alikuwa analisherehekea."

Mama akasema, "Kila Jumapili. Vraiment, kweli, alituchosha."

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wa koti, na sote watatu tukawa tunacheka. Nilihisi kitu kikinitoka kifuani, kimekaa hapo tangu maktaba ya Louisville. Sikukudanganya, Baba. Nilidhani nakudanganya.

Sasa ungefikiri baada ya hayo ningebaki na jina. Mama naye alifikiri hivyo, alikuwa ameshaanza kufunga boksi. Lakini nilikuwa nimekuja kulirudisha, na sasa niliweza kulirudisha bila hasira, ambayo ni njia nyingine kabisa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia jina lako ni zuri na goli lako ni halali, lakini mimi si goli. Akauliza nitaitwa nani basi. Ile nafasi kwenye fomu ilikuwa bado wazi mpaka dakika hiyo. Mdomo wangu ukasema, "Kashindi."

Jina lako. Kwetu watoto hawabebi jina la baba, kila mmoja anapewa lake, na jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, si msichana mzima anayefua mashuka. Nilimtazama Mama nikitegemea aseme hiyo haijawahi kufanyika. Mreno ndiye aliyesema: "Mchukue baba yako. Mimi goli linanitosha."

Akasimama, akajipangusa viganja kwenye suruali, akavinyosha vyote viwili mbele, kwa sababu Mama alimwambia ndivyo inavyofanywa. Nikaweka mikono yangu juu ya yake nikasema ninalirudisha na ninashukuru. Akasema amelipokea. Basi. Ile shughuli yako ya miaka kumi na minane ilikwisha kabla chai haijapoa, na chai yenyewe ilikuwa ya mashine. Akampokea jogoo, akamshika vizuri, mbawa chini ya kwapa, kama mtu aliyekulia kwenye kuku. Tulipoondoka alikuwa amemweka ofisini ndani ya kikapu kikubwa cha mipira, na watoto wote walikuwa wamebandika pua kwenye kioo.

Garini Mama aliendesha mpaka taa nyekundu. Halafu akasema ningemwambia mapema habari ya hospitali, tungelia wawili. Nikasema najua. Akasema, "Bon," taa ikawa kijani.

Leo asubuhi tulikwenda mahakamani kwa kiapo. Watu wengi, bendera ndogo ndogo, watoto wamevalishwa tai. Jaji alikuwa ametia sahihi mabadiliko ya majina, na karani alikuwa anaita mmoja mmoja, ukiitwa unasimama. Unajua Mama hajawahi kukuita kwa jina lako. Tangu nizaliwe ulikuwa Baba Neema, hata makaburini alimwachia mchungaji alitamke. Nilikuwa nahofia atajisikiaje kulisikia pale, mbele za watu, likitamkwa na mgeni.

Karani akasema, "Neema Kashindi." Alilisema polepole, sawasawa, hakukosea popote.

Nikasimama. Nyuma yangu nikamsikia Mama akisema, si kwa sauti kubwa, mara moja tu, "Kashindi."

Pumzika sasa, Baba. Huna safari tena wala mtu wa kumfuata. Sijui mimi nitaishia wapi, kwa sababu miguu hii umenipa wewe. Ninakuahidi jambo moja: popote litakapoitwa jina lako, kuna mtu atasimama.

Kwaheri, Baba.

Neema Kashindi